Mshumaa hautoshi kupima shimo la choo
Kaka umeuliza kama kushusha mshumaa shimoni kunatosha kabla vijana hawajaingia kuzibua, hapana, usifanye hivyo kabisa! Mle kuna methani, gesi inayoshika moto, mshumaa unaweza kuilipua, na ile gesi ya kunuka yai viza ikizidi inaua pua, mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndo inammaliza. Kwanza jiulize, lazima mtu ashuke? Ita gari la kunyonya maji taka, watu wabaki juu. Ikishindikana tafuteni wenye kipimo cha gesi, oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, feni ipulize hewa muda wote na anayeshuka afungwe mkanda wenye kamba, wenzake wameishika juu. Akizimia avutwe, asishuke mtu kumfuata, wengi wanafia humo wakimuokoa mwenzao.