Kwa Mnaoanza Kuchunguza Mabamba ya Barafu ya Antaktika

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma picha za setilaiti za mabamba ya barafu ya Antaktika, yaani barafu nene iliyotiririka kutoka nchi kavu hadi ikaelea baharini bila kuachana na ile iliyo nyuma yake. Ninawaandikia kwa sababu kosa langu la kwanza nimeliona likirudiwa na karibu kila mgeni: kulipima bamba kwa ukingo wake.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika ripoti nikidai kwamba bamba fulani linakufa, kwa kuwa ukingo wake ulikuwa umerudi nyuma kilomita nyingi. Msimamizi wangu hakunikaripia. Alinipa ramani za miongo iliyotangulia, akanitaka nianze upya. Tazameni bamba la Amery: lilimega siwa kubwa la barafu mwanzoni mwa miaka ya 1960, likasonga mbele polepole kwa zaidi ya miaka 50, kisha Septemba 2019 likamega jingine la kilomita za mraba zipatazo 1,600. Barafu inayoshuka kutoka bara sharti itoke mahali, na anayetazama miaka mitano tu ataona ama ukuaji usiokoma ama maafa.

Bamba la Larsen B ni habari nyingine. Mapema mwaka 2002 lilisambaratika kilomita za mraba zipatazo 3,250 katika wiki chache, ilhali mashapo ya sakafu ya bahari yanaonyesha kwamba lilikuwa limedumu zaidi ya miaka 10,000. Joto la kiangazi lilikuwa limeacha madimbwi mengi juu yake. Maji yakaingia nyufani na, kwa kuwa ni mazito kuliko barafu, yakazipasua hadi chini. Baada ya hapo barafuto, yaani mito ya barafu ya nchi kavu, zilizokuwa zimezuiwa nyuma yake zikaongeza mwendo, na hizo ndizo zinazoinua bahari, kwa maana bamba lenyewe lilikuwa tayari linaelea. Kwa hiyo ulizeni kwanza bamba linazuia nini, na limeegemea nini: kuta za ghuba, au vilima vya chini ya maji. Julai 2017 Larsen C lilipoteza siwa A-68, la kilomita za mraba zipatazo 5,800, na bado limesimama, kwa sababu sehemu iliyotoka haikuwa ikizuia barafu nyingi.

Unene ndio unaotaka subira zaidi. Takriban sehemu moja tu ya kumi ya bamba iko juu ya maji, hivyo, unene ukikokotolewa kutoka kimo hicho cha juu ya maji, kosa la mita 1 katika kimo huwa kosa la karibu mita 9 katika unene. Bamba hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa bamvua bila kusahihishwa kitawapa barafu isiyokuwapo. Nako chini, maji vuguvugu ya kina hulila bamba bila kuonekana, kama yanavyofanya katika mabamba ya Pine Island na Thwaites.

Mtakapounganisha vipimo vya setilaiti ya rada ERS-1, iliyorushwa mwaka 1991, na vya CryoSat-2 ya mwaka 2010, nayo ya rada, au ICESat-2 ya mwaka 2018, ya leza, kumbukeni kwamba rada hupenya theluji kiasi, ilhali leza hurudi kutoka juu yake. Badiliko la ghafla linaloangukia mwaka ambao chombo kimebadilishwa, lichunguzeni kwanza kama kosa la chombo kabla ya kuliandika kama habari ya barafu.