Hilux ya dizeli isiyopata joto

SWALI: Nabebea viazi kwa Toyota Hilux ya zamani, injini ya dizeli iitwayo 3L. Asubuhi inawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Mwaka jana fundi aliondoa themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) ili isichemke, na sasa mshale wa joto haupandi vizuri hata safarini. Je, niiache ikinguruma nusu saa kabla ya kuondoka? – Msomaji, Kabale

JIBU: Hapana, ndugu. Dizeli isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo mno, kwa hiyo hata nusu saa haitaipasha moto. Dakika moja au mbili zatosha, kisha endesha taratibu mpaka mshale upande.

Rudisha themostati. Bila hiyo maji hupita kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, na kwa asubuhi za Kigezi joto lote linapotea. Injini ikikaa baridi, mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni huliwa mapema. Wala kuitoa si kinga ya kuchemka. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili, kinachofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa, na gari linaweza kuchemka likipanda mlima wa Kanaba na mzigo. Kama lilikuwa linachemka, kagua rejeta iliyoziba, kifuniko chake na feni.

Themostati mpya ijaribu kwanza. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake, mara nyingi 82 au 88. Kabale maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo jaribio linawezekana. Unapoifungia kwenye injini, kipini kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Kikikaa chini, hewa hunaswa.

Kuwaka kwa shida mara nyingi hutokana na plagi nne za kupashia silinda moto. Ondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, kisha pima kila moja kwa mita, kati ya ncha yake na mwili wa injini. Nzima husoma omu chache au chini ya moja. Isiyosoma kitu imekatika. Usiijaribu moja kwa moja kwenye betri kabla ya kusoma volti zilizoandikwa juu yake: zipo za chini ya volti 12, nazo huungua upesi.

Moshi mweupe ukiendelea injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yakipungua, mwambie fundi akague gasketi ya silinda hedi.