Nauli ya Kupanda Kutoka Ipogolo

Iringa, Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulianza kukimbia Septemba 2025, baada ya Alphonce Simbu kuchukua dhahabu ya marathoni kule Tokyo kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03. Ukawa unakimbia kilomita tano kila alfajiri, wiki ya tatu ugoko ukauma, ukaacha. Tangu hapo kila ukirudia ni yale yale. Sasa unauliza, "Baba, wewe unawezaje kila siku?"

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2016, daktari aliponiambia presha yangu haimpendezi, nilinunua raba za mtumba, na kesho yake nikashuka Ipogolo mbio. Kwenye mteremko ule kila mtu ni mwanariadha. Nilipofika mto Ruaha Mdogo nikageuka, nikaitazama barabara inavyopanda kurudi mjini, pumzi ikaniishia hata kabla sijainua mguu. Nikarudi kwa bajaji, mfukoni sina hata senti, na dereva nilimfundisha darasa la sita! Tulipofika nyumbani alikataa kata kata kulipwa. "Mwalimu, wewe pumzika tu." Kufika saa nne mtaa mzima una habari.

Basi nikaanza upya kwa kutembea, kwenda mpaka jiwe la Gangilonga na kurudi, katikati nakimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine. Kipimo changu kilikuwa kina mama wanaopeleka mboga sokoni. Wakinisalimu "Kamwene" nikashindwa kuitikia vizuri, najua nimezidisha mwendo. Mpaka leo natumia hicho hicho.

Kosa langu la pili ndilo lako. Nilikuwa natia alama kwenye kalenda ya ukutani, na zilipofika siku 212 mfululizo nikawa mtumwa wake. Kano ya kisigino ikaanza kuuma, nami nikaendelea kukimbia hivyo hivyo, kisa sitaki kuacha tarehe tupu. Mama yako akauliza, "Unakimbilia afya au kalenda?" Sikumjibu. Nilichechemea miezi miwili.

Moyo na mapafu huzoea upesi, mwanangu. Kano na mifupa huchelewa. Wiki ile ya tatu ulijiona una pumzi, ukadhani mwili wote umeshafika. Ugoko ulikuwa bado uko njiani.

Siku hizi "kila siku" yangu ni kuvaa raba na kutoka mlangoni, basi. Siku tatu kwa wiki nakimbia, zilizobaki natembea. Asubuhi za baridi kama hizi, ukungu ukiwa umefunika paa la jirani, huwa naishia dukani kununua maandazi. Hiyo nayo naitia alama. Mama yako anasema ni udanganyifu, ila maandazi anakula.

Wewe uko Dar, na joto la huko si la kuchezea: toka kabla jua halijachomoza. Ila kwanza ugoko upone kabisa. Ukiona unauma hata ukitembea, nenda hospitali, usitibiwe na vijana wa jimu. Siku ya kuanza tena, nguzo mbili zinatosha.

Agosti ukija likizo tutashuka wote hadi Ruaha Mdogo. Nauli ya kurudi nitabeba mimi.

Baba yako