Omaha ya wawili onlaini: jamaa hajui kucheza na bado anakula hela yako

Mkuu, umeuliza inakuwaje kwenye Omaha, aina ya poka, ya wawili onlaini unakaa na mtu anayekoli kila kitu, yaani analipa kila beti unayoweka, unaona kabisa hajui, na bado hela inatoka kwako inaenda kwake. Unasema umetokea Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi, na mara nyingi unapigwa ukiwa na esi mbili. Mimi nacheza hii ya poti limiti, ambayo beti mwisho wake ni kiasi cha poti, hela iliyo katikati, usiku hapa Nkuhungu, Dodoma, limiti ndogo tu, nakujibu ninavyoiona.

Hizo esi mbili zitoe kichwani kwanza. Omaha una karata nne na lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si moja si tatu, sasa ukishika esi mbili na takataka mbili zisizofanana hata rangi, ukikutana na 9 8 7 6, mbili za rangi moja na mbili za nyingine, mnakaribia kulingana, na flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, ikishashuka hujui hata kama bado unaongoza. Na zenyewe zinakuja kama mara moja kwenye mikono 40, ukizisubiri utakesha. Hela ya mtu asiyejua unaipata baada ya flopu, pale anapokulipa na mkono wa pili kwa ukubwa akiamini hakuna wa kumpita. Mezani kuna shupaza nne, yeye ana mfalme wa shupaza peke yake, anakoli poti nzima anajua ana flashi, karata tano za rangi moja. Hana flashi huyo, lazima mbili zitoke mkononi! Na wapo wengi, hasa Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa nne usiku za kwetu, Ulaya huko ndo wametulia na bia zao.

Sasa mtu wa hivyo unamblafu, yaani unabeti huna kitu ili akimbie atupe karata, ya nini? Kuna ile janja ya kushika esi tupu ya shupaza, mezani shupaza tatu, unabeti poti nzima kwa sababu unajua mwenzako hawezi kuwa na flashi kubwa kuliko zote. Kwa mtu anayefikiri ni silaha kweli. Ila blafu ya poti nzima inataka mwenzako akimbie angalau nusu ya mara zote ndo usile hasara, na huyu hakimbii, haangalii wewe una nini, anaangalia zake tu. Kwake ukiwa nacho beti poti nzima, ukiwa huna cheki yaishe.

Batani, ile alama ya mgawaji, ndo pa kumlia. Mkiwa wawili mwenye batani anaweka blaindi ndogo, ile beti ya lazima, anaanza kabla ya flopu lakini baada ya hapo anaongea wa mwisho mpaka riva, karata ya tano ya mezani, kwa hiyo hapo mimi nareizi, napandisha beti, karibu kila kitu, naacha tu vituko kama 7 2 2 2. Nisipokuwa na batani nabana.

Nikupe mkono mmoja. Blaindi senti 5 na 10, wote tuna dola 10, niko batani na esi na 10 za shupaza, 9 na 8 za uru. Nikareizi poti, yaani senti 30, akakoli. Flopu 7 ya shupaza, 6 ya pau, 2 ya shupaza. Akacheki, nikabeti senti 60, akareizi poti dola 2.40, nikapandisha tena poti, 7.80, akasukuma zote nami nikakoli. Akafunua 7 6 K 3, jozi mbili. Mimi sina hata jozi, lakini ikija 10, 9, 8 au 5 napata tano za mfululizo, ikija shupaza karibu yoyote napata flashi, nimempita, karata 18, na bado karata mbili za kushuka za kuzitafuta, kwa hiyo anayetakiwa kuombea pale ni yeye. Riva ikaja 6, akapata fulu hausi, tatu za namba moja na mbili za nyingine, hela ikaenda. Kesho ikija flopu ile ile nasukuma vile vile.

Ndo maana nasema huu mchezo unayumba hata kwa wakubwa. Desemba 2009 mchezaji poka maarufu Viktor Blom, jina lake la onlaini Isildur1, alipoteza kama dola milioni 4.2 kwa mchezaji mwenzake Brian Hastings kwenye kikao kimoja cha Omaha hii hii ya wawili, na Blom sio mtu wa kumwita mbovu. Sisi wa dola 10 angalau uwe na akiba ya kukaa mezani mara 50, nje ya hela ya kodi na ada za watoto, pungufu ya hapo usiku mmoja mbaya unakumaliza ukiwa unacheza vizuri tu. Na kamisheni ya nyumba iangalie kabla hujakaa, limiti za chini mkiwa wawili inakatwa karibu kila poti inayofika flopu, kuna meza hata mkiwa mnalingana mnaumia wote.

Mwoga anayekimbia kila saa, huyo beti nusu poti tu flopu ikiwa kavu, yaani karata zake haziungani, inatosha akimbie mara moja kati ya tatu. Kichaa anayereizi kila mkono mwachie kamba abeti mwenyewe, usishindane naye ubabe.

Halafu bando. Wawili zamu yako inafika haraka mno, mtandao ukisinzia muda ukaisha umebetiwa, mkono unatupwa hata kama una seti, tatu za namba moja. Umeme ukikatika na waifai ndo imekufa, kwa hiyo mimi laini ya pili ya mtandao mwingine inakuwa imeshawashwa kwenye simu ya pembeni kabla sijakaa mezani.