Vitz au Passo kwa dogo anayejifunza, na bima je?

SWALI: Habari za kazi kaka. Kijana wangu ana miaka 19, kapata lena (leseni ya kujifunzia) juzi juzi tu, nataka nimtafutie kagari kadogo ka kununua mkononi kwa mtu, mfuko wangu hauzidi milioni 8. Mjomba wake anaishi Uingereza anasisitiza tuchukue injini ndogo kabisa eti ndo bima yake inakuwa nafuu. Hapa mtaani huyu anasema Vitz, yule Passo. Nishike lipi? – Mama Neema, Uyole, Mbeya

JIBU: Mama Neema, mjomba hajadanganya ila anaongelea kwao. Kule magari yamekuwa yakipangwa makundi ya bima 1 mpaka 50, na kijana anayejifunza akiwekewa injini kubwa mnalia. Huku kwetu bima ndogo, yani third party inayomlipa uliyemgonga tu, ya gari binafsi ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, iwe Passo iwe IST, haikuulizi cc, yani ukubwa wa injini. Bima kubwa, inayolipa hadi gari lako mwenyewe, inafuata thamani ya gari, kawaida asilimia 3.5 halafu VAT juu yake, kwahiyo gari ya milioni 8 ni 280,000 ukijumlisha VAT inafika 330,400.

Sasa kama cc hazikupunguzii bima, kwanini ujibane na cc 1000? Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na injini isiyo na turbo (ya kuisukumia hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, hebu pakia watu wanne kwenye Passo upande nayo mlima wa Kawetere kama unaenda Chunya uisikie inavyolia. Mimi ningetafuta Vitz ya cc 1300. Mafuta inazidi kidogo tu, spea zimejaa, na dogo hatakuwa anaovateki huku anaomba Mungu. Ukikosa, ile Vitz ya kwanza ya cc 1000 yenye pistoni 4 sio mbaya, Passo ya cc 1000 ni pistoni 3 na mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zikichoka inatetemeka hadi dashibodi.

Ila zaidi ya jina la gari angalia breki, maana huyo mtoto siku moja atateremka mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, mbele lori nyuma lori. Nenda na fundi wako sio fundi wa muuzaji, nendeni alfajiri, weka mkono kwenye boneti, ukikuta ya moto ujue wameiwasha kabla hujafika ili usisikie inavyowaka ikiwa na baridi ya huku kwetu. Piteni barabara ya vumbi mkiwa mmefunga vioo msikilize stelingi raki (chuma cha usukani kinachogeuza matairi) kama inagonga. Na dogo afundishwe kuteremka na gia 2 au L, asiweke N (gia huru) eti anabana mafuta!!

Kuhusu bima, mwaka wa kwanza jikaze ukate kubwa, lakini uliza kwanza kama wanapokea gari ya umri huo maana kampuni nyingi zinakwepa magari yaliyochoka. Halafu uliza, na wakujibu kwa maandishi, dereva mwenye lena yumo kwenye bima? na eksesi yake shingapi, ile hela unayotoa wewe kwanza kabla hawajalipa, kwa dereva mchanga mara nyingi inapandishwa. Vimikwaruzo vya geti utalipa mwenyewe tu. Na akiendesha bila vibao vya L au bila mtu mwenye leseni pembeni yake, siku ya ajali hapo ndo wanapopatia sababu ya kukataa madai, hata kama hela yao walishakula.

SWALI: Nimenunua gari ina bima ya miezi minne mbele, si naendelea nayo tu? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana ndugu yangu, ile bima ina jina la aliyekuuzia. Badilisha kadi TRA, kisha nenda kwenye kampuni husika waseme kama wanaihamisha au unakata mpya. Stika siku hizi ni za kielektroniki, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, uone kama hiyo bima ipo kweli, na ufanye hivyo kabla hujatoa hela, sio baada. Deni la faini za trafiki nalo liangalie hapo hapo, muuzaji alilipe yeye.