Mkojo mwekundu baada ya mbio

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 23, naishi Ngamiani, Tanga. Kila alfajiri nakimbia kwenye lami hadi Raskazone na kurudi. Jumapili nilizidisha mwendo, niliporudi nikakojoa mkojo mwekundu uliokoza. Jioni ukawa wa kawaida, na sina maumivu. Je, figo zimeharibika?

JIBU: Marahaba. Kusafika siku ileile kunatia moyo, ila usinyamaze. Unyayo ukigonga lami maelfu ya mara, chembe nyekundu za damu zinazopita kwenye mishipa yake midogo hupasuka na kumwaga himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Protini ya damu iitwayo haptoglobini huidaka. Ikizidiwa, inayobaki hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Hali hii ilielezwa mwaka 1881, kwa askari wa Kijerumani aliyetoka kwenye mwendo mrefu wa miguu.

Ni nadra hali hii peke yake kudhuru figo. Hatari ni kukimbia ukiwa umeishiwa maji: himoglobini huganda ndani ya mirija ya figo, ikaiziba na kuiunguza. Wapo wanaomeza diklofenaki kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo saa ileile inapohitajika zaidi. Acha kabisa kama unafanya hivyo.

Hata hivyo, kwa mtu wa Tanga sitaisingizia lami kabla ya kutafuta kichocho. Peleka mkojo maabara kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yake hutoka kwa wingi wakati huo. Usiridhike na kijiti cha kupimia mkojo: hubadilika rangi kwa damu, kwa himoglobini, hata kwa myoglobini, protini inayovuja kwenye misuli iliyoumia. Omba hadubini. Chembe nyekundu zikionekana, fikiria kichocho, au kibofu kilichosuguana kikiwa kitupu. Zisipoonekana na kijiti kinadai damu, mshukiwa ni himoglobini au myoglobini. Pima pia kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi), selimundu na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu.

Pumzika siku 3, kisha rudia kipimo cha mkojo. Ukirudi mbioni, vaa raba zenye soli nene, kimbia kwenye nyasi, na usimalize kukojoa kibofu kikauke kabisa kabla ya kuanza.

Mkojo ukirudi mweusi, ukipungua, au mapaja yakivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyochanika huangusha figo upesi kuliko nyayo.