Mnyonge na Maboksi ya Karatasi: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Kesi

Niliandika hapa kwamba katika filamu za mnyonge anayemshtaki mwenye nguvu, hotuba ya mwisho ya wakili ndiyo sehemu inayonichosha kuliko zote. Nimerushiwa mawe ya kutosha. Haya ni baadhi ya maswali yaliyokuja pamoja na mawe hayo.

Ukiondoa hotuba, filamu ya mahakamani inabaki na nini?

Inabaki na karatasi, na karatasi ndizo kesi yenyewe. Mtu mdogo akishtakiana na kampuni kubwa, kinachomponza si ulimi mzito. Ushahidi anaouhitaji umo kwenye makabati ya yule anayemshtaki. Tazama *Dark Waters* (2019). Robert Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye ofisi yake ilizoea kutetea kampuni za kemikali, anaidai DuPont nyaraka kuhusu taka zinazodaiwa kuua ng'ombe wa mkulima mmoja wa West Virginia. Kampuni haikatai. Inamletea maboksi hadi chumba kinajaa, maana sindano hufichwa vizuri zaidi ndani ya nyasi kavu kuliko ndani ya sefu. Bilott anakaa sakafuni na kuanza kuzipanga kwa tarehe. Mimi hapo ndipo moyo hunienda mbio, wala hakuna anayesema neno.

Halafu kuna kungoja. Wakazi wa eneo hilo wapatao 69,000 walitolewa damu, kisha wanasayansi wakachukua miaka saba kusema kama kemikali iliyokuwa kwenye taka zile inahusiana na magonjwa yao. Kesi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1999. Dola milioni 671 za kumaliza kesi zaidi ya 3,500 ziliafikiwa mwaka 2017. Hebu niambieni ni hotuba gani ingeubeba muda wote huo.

Shemeji yangu anasema Erin Brockovich hakushinda mahakamani. Mimi nimeiona filamu mara tatu! Nani kashinda dau?

Shemeji. Wakazi wa Hinkley, California, ambao Erin, karani wa ofisi ya wakili, aliwasaidia kudai fidia ya maji yaliyochafuliwa, na kampuni ya umeme na gesi ya PG&E walikubaliana kwenda kwa wasuluhishi, mbali na macho ya watu, na mwaka 1996 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 333. Filamu ya mwaka 2000 hailifichi hilo. Ina mkutano mzima wa kuwashawishi wakazi waikubali njia hiyo. Ila Julia Roberts, anayemwigiza Erin, anang'aa kiasi kwamba watu huondoka wakikumbuka hukumu ambayo hawakuiona. (Ukiirudia mara ya nne, mwangalie mhudumu wa mgahawani. Ni Erin Brockovich mwenyewe, na kibandiko cha jina kifuani kimeandikwa Julia.)

Nasoma sheria. Mwalimu wetu anasema wakili wa *The Verdict* angefaa kufutwa uwakili. Si anaonea?

Haonei. Katika filamu hiyo ya mwaka 1982, Paul Newman ni wakili mlevi anayeishtaki hospitali ya kanisa mjini Boston. Anaahidiwa dola 210,000 ili yaishe, anazikataa, na hawaulizi wateja wake, ambao wanakuja kulijua jambo hilo baadaye kabisa. Suluhu ni ya mteja kuikubali au kuikataa, wakili kazi yake ni kushauri. Mimi naipenda filamu hii, tena sana, kwa sababu inamwacha mmoja wa wateja hao amkabili wakili kwa hasira ya haki kabisa. Filamu nyingi za aina hii humsahau mteja mara wakili anapopata ujasiri. Anakuwa picha tu ya kuwekwa kiti cha mbele, alie kwa wakati wake.

Wakiandika "kisa cha kweli" niamini kiasi gani?

Amini dhuluma, tilia shaka chumba. *In the Name of the Father* (1993) inamwonyesha Gerry Conlon akifungwa chumba kimoja na baba yake, jambo ambalo halikutokea. Inamwonyesha pia wakili wake, Gareth Peirce, akiunguruma mahakamani, ilhali kwa ngazi yake ya uwakili Uingereza wakati ule, kazi yake ilikuwa kuandaa kesi na wengine ndio waliosimama kuisema. Lakini kwamba Conlon na wenzake watatu walikaa gerezani hadi mwaka 1989 kwa mabomu ambayo hawakuyatega, hilo ni kweli tupu.

Hizi tamthilia zimewahi kumsaidia mtu, au tunalia tu kisha tunalala?

*Mr Bates vs The Post Office* ilirushwa Uingereza Januari 2024. Kwa miaka mingi mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulikuwa ukionyesha upungufu wa fedha usiokuwepo, na wasimamizi wa posta ndogondogo wakabebeshwa wizi. Shirika la Posta lilikuwa mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa pamoja. Kesi ya ngedere, nyani ndiye anayekusanya ushahidi. Zaidi ya 700 walishtakiwa na shirika hilo. Alan Bates na wenzake, 555 kwa jumla, walifungua kesi, na mwaka 2019 wakapata pauni milioni 57.75, ambazo baada ya gharama za kesi zilibaki kama milioni 12 tu za kugawana.

Tamthilia ikaja, na kufikia Mei 2024 bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mamia. Kwa hiyo ndiyo, imesaidia. Lakini haikuvumbua hata kipande kimoja cha ushahidi. Jaji alishasema mwaka 2019 kwamba mfumo una kasoro, na mwaka 2021 watu 39 walisafishwa kwa siku moja na Mahakama ya Rufaa. Kila kitu kilikuwa mezani. Kilichokosekana ni wanasiasa kuona aibu, na aibu hiyo ililetwa na vipindi vinne vya televisheni.

Mama husinzia wakianza kubishana vifungu. Nimwekee ipi?

*Jai Bhim* (2021), ya Kitamil, kutoka India. Mwanamke mjamzito wa jamii inayodharauliwa anakwenda mahakamani na swali moja: polisi walimchukua mume wangu, yuko wapi? Hakuna kifungu cha kumsinzisha mtu hapo. Mwonye mapema tu kwamba sehemu za kituo cha polisi zinatisha, na kwamba inapita saa mbili na nusu.